Ruhusa Ziko Sawa, Seva Inakataa: Kisa cha Kusakinisha DHIS2 kwenye Ubuntu

Kisa hiki kinahusu seva moja ya mafunzo iliyopaswa kuwa tayari kwa siku mbili, lakini ikatuchukua siku sita. Programu tuliyokuwa tukiisakinisha ni DHIS2, ambayo watunza takwimu wengi wa vituo vya afya nchini Tanzania wanaifahamu kwa sura yake ya skrini kuliko kwa jina, kwa kuwa humo ndimo zinamoingizwa takwimu za kila mwezi kutoka vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Ni programu ya wavuti iliyoandikwa kwa Java. Uendelezaji wake unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe, na Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Ofisi iliyotuita ilihitaji mfumo wa pembeni wenye takwimu za mfano, ili wanaojifunza waweze kukosea, kufuta na kuanza upya bila kugusa takwimu za kweli.

Mfumo wa aina hii hukaa kwa tabaka. Chini kabisa ipo hifadhidata ya PostgreSQL, juu yake ipo seva ya programu iitwayo Tomcat, ndani ya Tomcat linawekwa faili moja la dhis.war lenye programu yote, na mbele ya vyote inasimama nginx inayopokea maombi ya vivinjari na kuyapitisha kwenye poti 8080. Kila tabaka lina haki ya kukataa, na kila moja hukataa kwa namna yake. Karibu muda wote tuliopoteza ulitokana na kusikia kukataliwa kwenye tabaka moja na kwenda kulaumu tabaka jingine.

Seva tuliyokabidhiwa ilikuwa na kichakataji cha viini vinne, RAM ya GB 16 na Ubuntu 24.04 iliyokwisha kusakinishwa. Toleo la DHIS2 lililotakiwa lilikuwa 2.41, kwa sababu ndilo lililokuwa likitumika kwenye seva ya zamani ambako ilitoka bekapu, yaani nakala ya akiba ya takwimu tulizopaswa kuzirejesha. Toleo hilo linahitaji Java 17 na Tomcat 9. Tulipoandika amri ya kusakinisha tomcat9, apt, zana ya Ubuntu ya kusakinisha programu, ikajibu kwamba haikioni kifurushi hicho. Jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa: hazina ya Ubuntu 24.04 ina maktaba za Tomcat 9 tu, haina seva yenyewe. Inayopatikana ni Tomcat 10. Mwenzangu, kijana mwepesi wa mikono, akasakinisha tomcat10 kwa hoja kwamba toleo jipya haliwezi kuwa baya kuliko la zamani. Sikumpinga, na kwa hiyo lawama ya siku hiyo ni yetu sote wawili.

Faili la dhis.war likawekwa mahali pake, na logi ya Tomcat, yaani faili lake la kumbukumbu za matukio, ikatangaza kwamba limepandishwa vizuri. Kivinjari kikaleta 404, yaani ukurasa haupatikani. Tukatazama jina la saraka, tukatazama poti, tukawasha upya huduma mara mbili, na 404 ikabaki pale pale. Kulikuwa na dalili moja tuliyoipita bila kuizingatia: upandishaji ulichukua sekunde chache tu. Aliyewahi kuwasha DHIS2 anajua kwamba programu hiyo huchukua dakika nzima au zaidi kabla ya kukaa sawa, kwa kuwa inafungua hifadhidata, inakagua mabadiliko ya majedwali na kuandaa mambo mengi mengine. Wepesi ule ulimaanisha kwamba Tomcat ilikuwa imelifungua faili lakini haikuwasha chochote ndani yake.

Chanzo chake ni cha kihistoria. Mwaka 2017 Oracle ilitangaza kuikabidhi Java EE, viwango vya Java kwa programu za seva, kwa Eclipse Foundation, lakini haki ya kuendelea kuviendeleza vifurushi kwa jina la javax haikwenda pamoja nayo. Matokeo yake, mwaka 2020, toleo la Jakarta EE 9 (Jakarta EE ndilo jina jipya la Java EE) lilibadilisha majina ya vifurushi vyake kutoka javax kuwa jakarta, na Tomcat 10 inafuata majina hayo mapya peke yake. Ni kama mji uliobadilishiwa majina ya mitaa yote kwa siku moja: barua yenye anwani ya zamani hairudishwi kwa aliyeituma, inalala tu posta. DHIS2 2.41 bado inaita kwa majina ya javax, Tomcat 10 haiyatambui, na hakuna anayepiga kelele.

Njia zilikuwa tatu. Watengenezaji wa Tomcat wanatoa zana ya kugeuza programu ya zamani ifuate majina mapya, lakini sikuwa tayari kuendesha mfumo wa takwimu za afya, hata wa mafunzo, kwa faili lililogeuzwa ambalo watengenezaji wa DHIS2 wenyewe hawakulijaribu. Njia ya pili ilikuwa kupakua Tomcat 9 moja kwa moja kutoka Apache na kuiendesha chini ya mtumiaji maalumu. Ya tatu ilikuwa kufuta seva na kuweka Ubuntu 22.04, ambayo bado ina kifurushi cha tomcat9. Tulichagua ya tatu, kwa sababu seva hii itaachwa mikononi mwa mtu wa TEHAMA mwenye kazi nyingine kumi, naye anajua apt vizuri kuliko anavyojua kupakua na kusasisha Tomcat kwa mkono. Bado naamini uamuzi ule ulikuwa sahihi, ingawa ndio uliotuletea tatizo kubwa kuliko yote, kama itakavyoonekana.

Jambo moja dogo la kuangalia kwenye Ubuntu 22.04 ni kwamba Java inayoletwa kwa kawaida ni 11. Tulisakinisha Java 17 na kuitaja waziwazi kwenye faili la /etc/default/tomcat9, mstari wa JAVA_HOME, ili Tomcat isijichagulie. Hapo hatukupata taabu.

Taabu ya pili ilikuwa kwenye hifadhidata. Bekapu ilitolewa kwenye PostgreSQL 16, wakati Ubuntu 22.04 huja na 14, kwa hiyo tuliongeza hazina rasmi ya PostgreSQL na kusakinisha 16 pamoja na PostGIS, ambayo DHIS2 inaihitaji kwa ajili ya ramani. Mwenzangu akatengeneza mtumiaji dhis, akatengeneza hifadhidata dhis2, kisha akatoa amri aliyoizoea miaka yote:

GRANT ALL PRIVILEGES ON DATABASE dhis2 TO dhis;

Saa tatu usiku akaanza kurejesha bekapu akitumia mtumiaji dhis, akaiacha ikiendelea, tukaenda kulala. Asubuhi hifadhidata haikuwa na jedwali hata moja. Programu ya psql, tuliyoitumia kurejesha bekapu, ina tabia ya kuendelea mbele hata inapokutana na kosa, isipoagizwa vinginevyo. Usiku ule ilikutana na kosa kwenye jedwali la kwanza, ikaendelea na la pili, la tatu, hadi mwisho wa faili, ikiacha maelfu ya mistari ya malalamiko kwenye skrini. Mistari ya mwisho, ambayo ndiyo iliyoonekana, ilidai kwamba majedwali hayapo. Mwenzangu akahitimisha kwamba bekapu ni mbovu na alikuwa ameshashika simu ili aombe nyingine. Nilimsihi tuirudie kwanza kwa kuongeza ON_ERROR_STOP=1, yaani psql isimame kwenye kosa la kwanza. Ikasimama papo hapo:

ERROR: permission denied for schema public

Bekapu ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni PostgreSQL yenyewe. Hadi toleo la 14, mtumiaji yeyote aliyeweza kuingia kwenye hifadhidata aliweza kutengeneza majedwali ndani ya skima ya public, yaani sehemu ya hifadhidata ambamo majedwali huwekwa kwa kawaida. Kuanzia toleo la 15 haki hiyo imeondolewa, na anayebaki nayo ni mmiliki wa hifadhidata. Maneno "ALL PRIVILEGES" yanasikika kama yanatoa kila kitu, lakini kwenye hifadhidata yanatoa haki ya kuunganishwa, ya kutengeneza skima mpya na ya majedwali ya muda, basi. Hayagusi skima ya public. Dawa yake ni mstari mmoja wa kumfanya dhis awe mmiliki, ALTER DATABASE dhis2 OWNER TO dhis, na ingekuwa bora zaidi kama hifadhidata ingetengenezwa kwa umiliki huo tangu mwanzo kwa kutumia createdb -O dhis.

Wapo wanaokwepa kosa hili kwa kurejesha bekapu kama mtumiaji mkuu postgres. Urejeshaji unafanikiwa, lakini majedwali yote yanakuwa mali ya postgres, na DHIS2 inapowaka na kutaka kubadilisha muundo wa jedwali ili liendane na toleo lake, inakataliwa. Hapo unakuwa umelihamisha kosa kutoka mahali linapoonekana wazi kwenda mahali panaposumbua zaidi. Kitu pekee tulichokifanya kwa kutumia postgres kilikuwa kuwasha PostGIS ndani ya hifadhidata, kwa sababu hicho hakiruhusiwi kwa mtumiaji wa kawaida.

Mchana wa siku ya nne hifadhidata ilikuwa imejaa. Tukatengeneza saraka ya /opt/dhis2, ndani yake tukaweka dhis.conf lenye anwani ya hifadhidata, jina la mtumiaji, nenosiri, na lile nenosiri la usimbaji ambalo lazima liwe na herufi zisizopungua 24. Tukampa mtumiaji tomcat umiliki wa saraka nzima, tukalifunga dhis.conf kwa ruhusa 600 ili mmiliki peke yake alisome na kuliandika, tukaiwasha Tomcat. DHIS2 ikaanza kuwaka, mara hii kwa uzito wake wa kawaida, kisha ikaanguka. Logi ililalamika kwamba programu haiwezi kuandika kwenye saraka yake.

"Kaka, ruhusa ziko sawa," mwenzangu alisema. "Nimeziangalia mara tatu."

Zilikuwa sawa. Mmiliki alikuwa tomcat, kundi lilikuwa tomcat, na saraka zote za juu yake zilikuwa zinapitika. Tukajaribu kwa njia ambayo kila msimamizi angeitumia, yaani kuvaa uso wa mtumiaji tomcat na kuandika faili:

sudo -u tomcat touch /opt/dhis2/jaribio

Faili likaandikwa bila swali. Mtumiaji tomcat anaandika. Programu inayoendeshwa na mtumiaji huyo huyo, kwenye saraka hiyo hiyo, haiandiki. Hapo ndipo siku ilipotupotea. Tulitafuta SELinux, mfumo wa ziada wa ulinzi ambao Ubuntu haitumii kwa kawaida. Tukatazama AppArmor, ulinzi wa aina hiyo ambao Ubuntu huutumia, haikuwa na la kusema. Tukatazama kama diski imejaa, ilikuwa na nafasi tele. Jioni mwenzangu akaweka ruhusa 777, inayomruhusu kila mtu kusoma na kuandika, kwenye saraka nzima, na nilimwacha afanye hivyo kwa kuchoka. Haikusaidia chochote. Iliyofanikiwa ni kuliweka wazi faili lenye nenosiri la hifadhidata kwa kila mwenye akaunti kwenye seva ile, kwa hiyo baadaye, pamoja na kurudisha ruhusa za awali, tulilazimika kubadilisha na nenosiri lenyewe.

Jibu lilipatikana siku ya tano asubuhi, tulipoacha kuiuliza saraka na kuanza kuiuliza huduma. Amri ya systemctl cat tomcat9 huonyesha maelekezo ambayo systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Ubuntu, inayafuata inapoiwasha Tomcat. Karibu na mwisho wake palikuwa na mistari hii:

ProtectSystem=strict
ReadWritePaths=/etc/tomcat9/Catalina/
ReadWritePaths=/var/lib/tomcat9/webapps/
ReadWritePaths=/var/log/tomcat9/

Mstari wa kwanza unaiambia systemd kwamba, kwa macho ya huduma hii, karibu mfumo mzima wa mafaili uwe wa kusomwa tu. Mitatu inayofuata inataja sehemu zilizosamehewa, na /opt/dhis2 haimo. Maana yake ni kwamba Tomcat ilikuwa ikiona ramani yake yenyewe ya diski, tofauti na ile tuliyokuwa tukiiona sisi kwenye skrini yetu. Amri yetu ya touch ilitekelezwa nje ya ramani hiyo, ndiyo maana ilifaulu, na kwa kufaulu kwake ikatupoteza zaidi kuliko ambavyo ingetupoteza kama ingeshindwa.

Kabla ya kurekebisha nilitaka tulione kwa macho. Tukachukua namba ya mchakato wa Tomcat, ambao ulikuwa bado unaendelea ingawa programu ya ndani ilikuwa imeanguka, kisha kwa amri ya nsenter, inayomwezesha msimamizi kuingia katika mazingira ya mchakato fulani, tukarudia jaribio lile lile tukiwa ndani ya ramani yake:

sudo nsenter -t 4127 -m touch /opt/dhis2/jaribio2

Jibu likaja: "Read-only file system." Na safari hii aliyekuwa akiandika ni root, msimamizi mkuu wa seva, ambaye ruhusa za faili hazimzuii kitu. Mwenzangu aliusoma mstari ule, akanyamaza, kisha akaurudia kuusoma kwa sauti. Tangu hapo hakuna aliyezungumzia tena ruhusa.

Marekebisho yalikuwa ya mistari michache. Hatukuligusa faili lililoletwa na kifurushi, kwa kuwa lingeandikwa upya siku Tomcat itakaposasishwa. Tulitumia systemctl edit tomcat9, ambayo huhifadhi nyongeza kwenye faili la pembeni, tukaandika:

[Service]
Environment="DHIS2_HOME=/opt/dhis2"
ReadWritePaths=/opt/dhis2

Tukawasha upya, na baada ya dakika moja na nusu hivi ukurasa wa kuingilia ukafunguka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mwongozo rasmi wa DHIS2 haukututahadharisha. Sababu ni kwamba mwongozo huo unaelekeza kutengeneza Tomcat ya peke yake ndani ya saraka ya mtumiaji maalumu na kuiwasha kwa hati yake yenyewe, nje ya ulinzi huu, kwa hiyo anayeufuata neno kwa neno hakutani na tatizo hili kabisa. Sisi tuliokota nusu ya mwongozo na nusu ya mazoea ya Ubuntu, na mahali zilipokutana nusu hizo mbili ndipo palipokuwa na shimo. Wapo pia wanaolitatua kwa kuizima ProtectSystem moja kwa moja. Siafikiani nao. Programu ya wavuti ndiyo mlango unaogongwa na kila mtu, na ikitokea siku mtu akapenya kupitia humo, ni afadhali akute hawezi kuandika popote isipokuwa kwenye saraka chache.

Mambo ya kumbukumbu yalikwenda haraka. Tuliipa Java GB 6, tukaipandisha shared_buffers ya PostgreSQL, yaani kumbukumbu inayojitengea, kutoka MB 128 za kawaida hadi GB 4, na kilichobaki tukawaachia mfumo wa uendeshaji na akiba ya mafaili. Idadi ya miunganisho ambayo PostgreSQL inaruhusu tuliiongeza kutoka 100 hadi 200. Mfumo mmoja wa DHIS2 hufungua miunganisho isiyozidi 80 kwa mpangilio wake wa kawaida, kwa hiyo 100 ingetosha, ila ofisi ilishadokeza kwamba itataka mfumo wa pili kwenye seva hiyo hiyo, na mara mbili ya 80 haiingii kwenye 100.

Nginx nayo ilikataa mara moja tu. Msimamizi wa ofisi alipojaribu kupakia faili la orodha ya vituo, kivinjari kilimjibu 413, yaani ombi ni kubwa mno. Logi ya DHIS2 haikuwa na neno lolote kuhusu jaribio hilo, na kwa kuwa tulikuwa tumeshaumwa na nyoka, ukimya huo safari hii ulitufundisha mara moja kwamba ombi halikufika kule. Nginx hairuhusu ombi linalozidi MB 1 mpaka ielekezwe vinginevyo kwa client_max_body_size. Tukaweka MB 100, tukahakikisha pia kwamba kichwa cha X-Forwarded-Proto kinapitishwa ili DHIS2 ijue kwamba mtumiaji amekuja kwa https, na kazi ikaisha ndani ya robo saa. Akaunti ya admin ilikuwa bado na nenosiri la district, ambalo limechapishwa wazi kwenye nyaraka za programu na linafahamika dunia nzima. Hilo lilibadilishwa kabla seva haijaunganishwa na mtandao wa ofisi.

Siku ya sita tuliizima seva kwa kukusudia na kuiwasha tena bila kugusa chochote, kwa sababu huduma iliyowashwa kwa mkono na huduma inayojiwasha yenyewe umeme unaporudi ni vitu viwili. PostgreSQL iliamka, Tomcat ikafuata, nyongeza yetu ya systemd ilikuwa mahali pake, na ukurasa wa kuingilia ukapatikana. Tukaandika karatasi moja ya maelezo, ikiwa na mistari ile ya ReadWritePaths juu kabisa, tukaibandika ndani ya mlango wa kabati la seva.

Jumatatu yake, washiriki wa mafunzo wakiwa wameshakaa, simu ikalia. Dashibodi zote zilikuwa tupu, na mkufunzi alikuwa na hakika kwamba takwimu zimepotea wakati wa kuhama. Nilimwomba afungue fomu ya kuingizia takwimu na achague kituo chochote na mwezi wowote wa mwaka uliopita. Akafanya hivyo, akaniambia namba zipo zote. Dashibodi za DHIS2 hazisomi takwimu ghafi moja kwa moja, zinasoma majedwali ya uchambuzi ambayo programu huyatengeneza yenyewe, na kwa kawaida majedwali hayo huachwa nje ya bekapu kwa kuwa ni makubwa na yanaweza kutengenezwa tena wakati wowote. Hakuna aliyekuwa ameyatengeneza kwenye seva mpya. Nikamwelekeza mahali pa kubonyeza, akabonyeza, akaacha simu wazi juu ya meza, nami nikawasikia washiriki wakizungumza mambo yao kwa dakika kama ishirini, mpaka mmoja wao aliposema kwamba chati ya chanjo imetokea.